Boksi jeusi nyuma ya jina la bibi harusi: kutafuta uwazi wa klipu ulipopotelea

Hapa Mtwara harusi zina msimu wake. Korosho zikishauzwa, watu wa Newala, Tandahimba na Masasi wanashika hela, na sisi wa video hatulali. Kazi zenyewe siku hizi hazimalizwi na mtu mmoja. Mimi niko Shangani, natengeneza majina na michoro inayopita juu ya picha. Mwenzangu yuko Lindi mjini, anakata na kuunga kwenye Premiere. Rangi anaweka kijana mwingine kwa DaVinci Resolve. Klipu moja inapita mikono mitatu na programu tatu kabla ya kufika kwa mwenye harusi.

Kuna mama mmoja wa Newala alitaka jina la binti yake litokee pembeni ya bibo, na korosho yake ikining'inia chini. Nikalichora, nikalirenda, yaani nikalitoa kuwa faili la video, nikalituma Lindi. Haikupita nusu saa, simu ikaita.

"Kaka, bibo zuri sana. Lakini mbona umelituma na boksi lake?"

Boksi jeusi, kona hadi kona, limefunika mpaka uso wa bwana harusi. Tulishinda tukirushiana lawama, huyu akisema programu yako, yule akisema yako, na jioni ndipo tukagundua kwamba kulikuwa na makosa pande zote mbili, ya kwangu na ya kwake. Tangu siku hiyo natafuta uwazi uliopotea, ile hali ya palipo tupu kuonyesha picha ya chini, kama unavyotafuta mzigo uliopotea kwenye basi la Dar. Unauliza kwanza: ulipakiwa kweli? Kisha njiani ulishushwa wapi? Mwisho ndiyo unamuuliza aliyepokea.

Tunachotafuta ni kitu gani

Picha ya kawaida ya video ina chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Uwazi unakaa kwenye chaneli ya nne, inayoitwa alfa. Hiyo haina rangi. Ni picha ya weusi na weupe inayosema kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, ionekane kwa kiasi gani: nyeupe ionekane yote, nyeusi isionekane kabisa, kijivu ionekane nusunusu. Hesabu za kupachika picha juu ya picha kwa njia hii ziliandikwa na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984, na ndizo programu zetu zinazotumia mpaka leo.

Maana yake ni kwamba uwazi ni data. Ukihifadhi klipu kwenye faili isiyo na nafasi ya chaneli ya nne, data hiyo inatupwa, na huko mbele hakuna kitufe cha kuirudisha. Weusi unaouona nyuma ya jina haukuwekwa na mtu yeyote. Ni pikseli zenye thamani 0 ambazo hakuna tena wa kuzificha.

Dalili: boksi jeusi nyuma ya klipu nzima

Hii ndiyo kesi ya kila wiki, na sababu zake ni nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza hakikisha kama kweli kuna tatizo. Vicheza video vingi, VLC ikiwemo, havionyeshi uwazi. Vinaonyesha rangi tu, na palipo wazi panatokea weusi. Nimeshapigiwa simu na mtu aliyefungua faili kwenye kicheza video, akaona weusi, akaanza kulalamika kabla hata hajaiweka kwenye taimulaini. Iweke juu ya klipu nyingine ndani ya programu ya uhariri. Boksi likibaki, endelea kusoma.

Sababu inayoongoza ni kodeki, yaani njia ambayo video inafungashwa ndani ya faili. MP4 ya H.264, ile inayotoka kwenye kila simu na kila kitufe cha haraka cha kurenda, haibebi alfa kwenye programu hizi tunazotumia. Si suala la ubora. Hata ukiipa megabiti 100 kwa sekunde, uwazi hautakuwemo. Kodeki zinazoubeba kwenye kazi zetu ni ProRes 4444, DNxHR 444, CineForm ikiwekwa alfa, na ile ya zamani iitwayo Animation, ambayo ni nzito lakini bado inafunguka sehemu nyingi. Mimi natumia ProRes 4444 kwa karibu kila kitu. Zamani mtu wa Windows alikuwa anateseka kuitengeneza, lakini tangu mwishoni mwa 2018 After Effects (programu ya michoro inayotembea) na Premiere za Windows nazo zinaitoa.

Angalia namba vizuri. ProRes 422, hata ile ya HQ, haina alfa. Ni 4444 tu, na nduguye 4444 XQ. Ile 4 ya mwisho ndiyo chaneli ya nne. Kosa la kwangu siku ya bibo lilianzia hapa hapa: nilichagua 422 HQ kwa sababu jina lake linasikika kubwa.

Nikarekebisha, nikatoa 4444. Boksi likabaki pale pale.

Hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Kodeki kuwa na nafasi ya alfa si sawa na alfa kuwekwa. Kwenye After Effects, ndani ya dirisha la "Output Module", kuna mstari wa "Channels". Ukiacha "RGB", unapata 4444 yenye chaneli tatu tu, faili kubwa na boksi lake. Lazima usome "RGB + Alpha". Kwenye Premiere angalia mstari wa kina cha biti: lazima uwe na neno "alpha" baada ya namba. Kwenye Resolve, ukurasa wa Deliver una kisanduku cha "Export Alpha", ambacho kinatokea tu ukishachagua kodeki inayokubali. Na kwa Resolve kuna mtego mwingine: kama uwazi umetengenezwa kwenye ukurasa wa Color, kwa kukata kitambaa cha kijani cha nyuma kwa mfano, inabidi ubonyeze kitufe cha kulia kwenye uwanja wa nodi (vile visanduku vya hatua za rangi), uchague "Add Alpha Output", kisha uvute waya kutoka kwenye nodi mpaka kwenye kitobo hicho kipya. Bila waya huo unaona kijani kimetiwa alama kwenye nodi yako, lakini nyuma hapafunguki hata kidogo.

Angalia pia leya, yaani tabaka, ya chini kabisa. Kuna leya za rangi moja ambazo mtu anaweka ili aone maandishi yake vizuri, halafu anazisahau zikiwa zimewashwa. Washa kitufe cha miraba ya kijivu chini ya dirisha la picha. Ukiona miraba, pako wazi. Ukiona weusi uliojaa, kuna leya imelala pale.

Mwenzangu wa Lindi hana After Effects, na hakuwa na haja ya kuniamini kwa mdomo. Kwa hiyo tulijifunza kuuliza faili lenyewe. Ukiwa na FFmpeg kwenye kompyuta, programu ya bure ya kukagua na kugeuza video, andika hivi kwenye dirisha la amri:

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,pix_fmt -of default=nw=1 bibo.mov`

Linatoa mistari miwili. Wa kwanza unataja kodeki. Wa pili, `pix_fmt`, ndio wenye jibu. Ukisoma `yuv420p` au `yuv422p10le`, hakuna alfa, funga mjadala. Ukisoma `yuva444p10le`, `yuva444p12le`, `argb` au `rgba`, nafasi ya alfa ipo. Herufi moja tu, ile "a", imetuokolea ugomvi mwingi. Ila faili la WebM ya VP9, aina ya video za mtandaoni, linaweza kudanganya hapa: linaweza kuonyesha `yuv420p` wakati alfa imo, kwa sababu limeibeba pembeni, na alama yake ni maneno `alpha_mode` kwenye maelezo ya faili.

Bado swali moja: nafasi ipo, lakini imejazwa nini? Alfa inaweza kuwepo ikiwa nyeupe tupu kuanzia kona hadi kona, yaani kila kitu kionekane, weusi ukiwemo. Itoe uitazame:

`ffmpeg -ss 2 -i bibo.mov -vf alphaextract -frames:v 1 alfa.png`

Inachukua fremu ya sekunde ya pili na kukutolea alfa peke yake kama picha. Bibo likiwa sawa, unaona umbo lake jeupe juu ya weusi. Ukipata ukurasa mweupe mtupu, mzigo haukupakiwa, rudi kwa mtengenezaji. Siku ile ilitoka picha safi, kikonyo cha korosho kikionekana mpaka kwenye mkunjo. Kwangu nilikuwa nimeshatoka hatiani.

Basi tukaingia barabarani. Nilikuwa nimemtumia vipi? WhatsApp, kama video ya kawaida. WhatsApp inaikandamiza video na kuigeuza MP4, kwa hiyo hata 4444 iliyokamilika inafika imenyolewa. Jina la faili likibadilika kuwa namba ndefu na mwisho wake `.mp4`, umeshajua. Tuma kama dokumenti, au funga kwanza ndani ya zip, au pandisha Google Drive na yeye ashushe faili lenyewe badala ya kulirekodi kutoka kwenye skrini. Msicheke, aliyefanya hivyo yupo.

Hata dokumenti ilipofika bado boksi. Hili sasa lilikuwa kosa la mpokeaji. Kwenye Premiere alikuwa amewahi kugusa "Interpret Footage" ya klipu hiyo, akaweka tiki kwenye kupuuza alfa, "Ignore Alpha Channel", kisha akabadilisha faili jipya mahali pa la zamani kwa jina lile lile. Programu ikakumbuka agizo la zamani. Kwenye Resolve kitu kama hicho kinakaa kwenye "Clip Attributes", mstari wa alfa, na ukisoma "None" ndiyo umepata mchawi. Kwa hiyo faili jipya lipe jina jipya. Bibo_02, bibo_03. Mimi hili nimelifanya sheria ya nyumba.

Dalili: hakuna boksi, lakini kingo zina mstari mweusi au mweupe

Hii ni ya kiungwana zaidi, na mteja ataiona kabla yako, kwa sababu inatokea kwenye shela.

Chukua bibi harusi aliyepigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani ili awekwe mbele ya ufukwe wa Msimbati. Gauni lote ni nyeupe, alfa yake ni asilimia 100. Lakini shela ni wavu. Pikseli zake nyingi ni nusu shela, nusu kilicho nyuma. Ukiikuta shela ina mstari wa kijivu kama uliochorwa kwa penseli, usiguse rangi. Kinachosumbua ni kwamba kuna njia mbili za kuhifadhi pikseli za nusu, na programu mbili hazijaelewana ni ipi.

Njia ya kwanza ni alfa nyoofu, programu zinaiita "Straight". Rangi inahifadhiwa kamili, nyeupe ya shela inaandikwa 255, na alfa pembeni inasema asilimia 50. Njia ya pili ni alfa iliyozidishwa, "Premultiplied". Hapo rangi imeshazidishwa na alfa kabla ya kuhifadhiwa: nyeupe 255 ya nusu inaandikwa 128.

Sasa piga hesabu. Shela ile iko juu ya anga jeupe, nalo ni 255. Jibu sahihi ni nusu ya shela, 128, jumlisha nusu ya anga, 127: jumla 255, nyeupe tupu. Lakini kama faili limezidishwa na mpokeaji anadhani ni nyoofu, atazidisha mara ya pili. Nusu ya 128 ni 64. Jumlisha 127 za anga, unapata 191. Hicho ndicho kijivu cha penseli. Ukingo wote wa bibi harusi umezidishwa mara mbili.

Kinyume chake kikitokea, faili ni nyoofu na mpokeaji anadhani limezidishwa, anajaribu kuondoa weusi ambao haukuwepo. Kingo zinawaka, zinakuwa na meno meupe kama karatasi iliyochanwa, na kivuli laini kinakuwa kigumu.

Dawa ni moja kwa pande zote mbili: mwambie mpokeaji ukweli. Premiere na After Effects zina chaguo hilo ndani ya "Interpret Footage", Resolve iko kwenye "Clip Attributes". Badilisha kutoka moja kwenda nyingine, tazama ukingo kwa ukubwa wa asilimia 200, chagua inayoonekana safi. After Effects ina kitufe cha kubahatisha, "Guess", na mara nyingi kinapatia, lakini kisikupe usingizi. Kwenye klipu ambayo fremu ya kwanza ni tupu kinaweza kukosea.

Kwa anayetuma, ushauri wangu ni "Straight", isipokuwa mpokeaji ameomba vingine. Lakini jiandae: faili nyoofu likifunguliwa kwenye kicheza video linatisha. Kwa sababu rangi haijazidishwa, kingo zinaonekana zimevimba, moshi unakuwa kitalu cha rangi moja, mwanga wa maandishi unakuwa tope. Hilo si kosa. Alfa ikifanya kazi yake yote yanaondoka. Kuna mtu alinirudishia kazi nzima kwa sababu hii, nikairudisha kwake bila kugusa kitu, nikamwambia aweke kwenye taimulaini. Akasema sasa iko sawa, nimefanya nini? Nikamwambia nimesugua kidogo.

PNG kwa kanuni zake huwa nyoofu. OpenEXR, aina ya faili la picha la kazi za efekti, kwa desturi huwa imezidishwa. Ukichanganya hizo mbili kwenye mradi mmoja, usizipe agizo moja kwa pamoja.

Kama mstari wa ukingo ni wa kijani, basi umepotea njia, hii siyo alfa. Ni kijani cha kitambaa kilichorukia kwenye nguo, na kinaondolewa kwenye kifaa cha kukata kijani, kabla ya kurenda. Nimeona mtu akibadilisha "Straight" na "Premultiplied" kutwa nzima kwa ajili ya kijani cha kwenye shela.

Dalili: uwazi upo, ila mtu anaonekana kama mzimu

Huyu ni wa wale wanaotuma faili mbili. Kuna njia ya zamani na nzuri sana kwa mwenye mtandao mdogo: badala ya 4444 moja nzito, unatoa MP4 mbili nyepesi. Ya kwanza ina rangi, ya pili ina alfa peke yake kama video ya weusi na weupe. Mpokeaji anaziweka leya mbili, anaiambia ya juu itumie ya weusi na weupe kama kinyago. Kwenye Premiere efekti inaitwa "Track Matte Key", na unaiwekea "Matte Luma".

Inafanya kazi, ila mara nyingine bibi harusi anapitisha mwanga, mnazi wa nyuma unaonekana ndani ya kifua chake, na sehemu iliyotakiwa kuwa wazi ina ukungu hafifu. Sababu ni masafa ya viwango. Video ya kawaida ya biti 8 haihesabu nyeusi kuwa 0 na nyeupe kuwa 255. Inaanza 16 na kuishia 235. Programu ikisoma namba hizo bila kuzinyoosha, nyeupe yako ni 235 kati ya 255, yaani asilimia 92, na nyeusi yako inabaki na asilimia 6. Asilimia 8 za mwili zimepotea, na hapo ndipo mnazi unapopita.

Weka efekti ya "Levels" kwenye ile klipu ya weusi na weupe, vuta nyeusi mpaka 16 na nyeupe mpaka 235. Mzimu unakuwa mtu. Kama efekti imewekwa na kinyago hakibadiliki, iweke kwanza ndani ya mfuatano wake, kisha tumia mfuatano huo kama kinyago.

Njia hii ina kasoro yake: mgandamizo wa MP4 unatafuna kingo, na nywele zilizotawanyika hazitoki vizuri. Kwa maandishi na nembo, sina neno nayo.

Dalili: kwenye mradi wangu uwazi upo, kwenye wake haupo

Hapa mara nyingi hamkutumiana klipu. Mlitumiana XML au AAF, mkadhani ni kitu kimoja. Faili hizo zinabeba orodha ya mikato: klipu ipi, kuanzia wapi hadi wapi, leya ya ngapi. Kinyago ulichochora kwa kalamu, kijani ulichokata, jina ulilolitengeneza kwa kiolezo cha programu yako, vingi vya hivyo havisafiri, kwa sababu programu ya pili haina efekti hiyo au inaielewa vingine. Kijana wa rangi anafungua Resolve anakuta bibi harusi bado amesimama kwenye kitambaa cha kijani.

Usibishane na XML. Kila kitu chenye uwazi kitoe kama 4444, kiweke kwenye taimulaini mahali pa asili yake, kisha toa XML. Acha sekunde moja ya ziada mwanzo na mwisho, maana mtu wa rangi anaweza kuhitaji kuyeyusha picha.

Dalili: faili linakataa kunakilika

Uwazi ni mzito. ProRes 4444 ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, inakula kama megabiti 275 kila sekunde kabla hata ya kuhesabu alfa. Hiyo ni karibu megabaiti 34 kwa sekunde. Flashi nyingi za mtaani zimefomatiwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Piga hesabu: zaidi kidogo ya dakika mbili, kunakili kunasimama, hata kama flashi ni ya gigabaiti 64 na iko tupu. Watu wanadhani flashi ni feki. Ifomati iwe exFAT, lakini toa kwanza vilivyomo.

Hili nalijua kwa sababu sisi bado tunatuma flashi kwa basi. Kwa kazi kubwa, bahasha iliyopandishwa stendi ya Mkanaledi asubuhi inafika Lindi mapema kuliko bando langu. Na usitume klipu ya dakika tano kwa ajili ya jina linalokaa sekunde sita. Kata palipo tupu.

PNG moja moja

Mambo yote yakishindikana, toa mfululizo wa PNG: kila fremu picha yake, ndani ya folda moja. Sijawahi kukutana na programu ya uhariri inayokataa. Faida nyingine ni kwamba umeme ukikatika katikati ya kurenda, zile fremu zilizokwisha toka zimebaki, unaendelea ulipoishia. MOV iliyokatwa katikati mara nyingi haifunguki.

Matatizo yake ni mawili. Namba zikiruka, ikakosekana moja, programu inakata mfululizo hapo au inaingiza picha ya onyo. Na picha hazijui kasi yake. After Effects kwa kawaida itazisoma kwa fremu 30 kwa sekunde, wewe ulizitoa kwa 25, na bibo linaning'inia haraka haraka kama lina homa. Rekebisha kwenye "Interpret Footage". Au zigeuze klipu kabla ya kutuma:

`ffmpeg -framerate 25 -i bibo_%04d.png -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le bibo.mov`

Kwa anayehariri kwa simu

Wako wengi, na kazi zao ni nzuri. Lakini programu za simu karibu zote zinatoa MP4, kwa hiyo usimwombe mwenye simu akutumie uwazi. Mwombe aweke jina lake juu ya kijani tupu, au rangi nyingine isiyokuwemo kwenye mchoro wake, kisha wewe ukate kwa kompyuta. Bibo la njano na korosho ya kijivu vinakatika vizuri kwenye kijani, ila majani yake yanaondoka nayo, hapo tumia bluu. Kivuli laini na moshi asiweke, ongeza wewe mwenyewe.

Mwenye iPhone au Mac anaweza kukuletea kodeki ya HEVC yenye alfa, ambayo Apple waliitoa mwaka 2019. Ni nyepesi ajabu, na ndani ya vifaa vyao inafanya kazi. Kwenye kompyuta yako ya Windows inaweza kufika na boksi lile lile jeusi. Mwambie aigeuze 4444 huko huko kwake.

Kivuli kimekuwa kizito kuliko nilivyokitengeneza

Kifupi tu, maana hii haiui kazi. Kama alfa iko sahihi, kingo safi, lakini kivuli cha chini ya jina ni cheusi au chepesi kuliko kwako, programu zenu zinachanganya rangi kwa hesabu tofauti: moja kwa mwanga halisi, nyingine kwa namba za skrini. Angalia kama mmoja amewasha uchanganyaji wa gama 1.0 kwenye mipangilio ya mradi. Muwe sawa, au punguza kivuli kwa jicho upande wa mwisho.

Siku hizi kila folda ninayotuma Lindi ina faili dogo la maandishi, mistari minne: ProRes 4444, alfa nyoofu, fremu 25, 1920 kwa 1080. Na ndani ya folda hiyo naweka fremu moja ya PNG ya jinsi jina linavyotakiwa kuonekana likiwa juu ya picha. Mwenzangu akifungua anafananisha. Mara ya mwisho alipopiga simu ilikuwa kuuliza kama bibo linaweza kuwa jekundu, maana mama wa Newala kasema ya njano ni ya shamba la jirani.